Pipa Lililopaa Uani

Mama mkwe wangu husimulia kisa hiki katika kila arusi anayoalikwa, na katika masimulizi yake hamna upinde hata mmoja: mna jini, mna pipa la maji, na mna mkwe ambaye haijulikani hasa kazi yake ni nini. Kwa kuwa masimulizi hayo yamekwisha kufika Lamu na kurudi Mombasa yakiwa yamenenepa, nimeona ni haki yangu niandike upande wangu, ambao una upinde, una vipimo, na hauna jini.

Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na kitu kizito kuliko vyote ninachokiinua kuanzia asubuhi hadi jioni ni mhuri. Ninalitaja hili mapema ili msomaji apime mwenyewe ukubwa wa ujinga wangu jioni ile nilipokaa barazani, nje ya nyumba yetu ya Kibokoni katika Mji wa Kale, nikawatangazia wazee waliokuwa wakinywa kahawa kwamba nitachonga upinde mrefu wa Kiingereza wenye uzito wa ratili 110, na kwamba nitauvuta mimi mwenyewe.

Uzito wa upinde, kwa asiyejua, si uzito wa ule mti ukiuweka juu ya mizani, kwa maana mti wenyewe haufiki kilo mbili. Ni nguvu inayotakiwa kuuvuta ugwe mpaka mshale ujae, yaani inchi 28 au zaidi kutoka mgongoni mwa upinde, ule upande unaotazama shabaha. Ratili 110 ni kilo 50, na kilo 50 ni mfuko mmoja wa saruji. Kwa hiyo nilichokuwa nimewaahidi wazee wale ni kwamba nitauning'iniza mfuko wa saruji kwenye vidole vitatu huku nikitazama shabaha kwa utulivu.

“Mfuko wa saruji,” akasema mzee mmoja, akakiweka chini kikombe chake. “Wewe huyu huyu ambaye maji yako hupandishiwa ngazi na kijana wa mkokoteni?”

Lawama ya kwanza iende kwa Mary Rose, meli ya kivita ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza, iliyozama karibu na Portsmouth mwaka wa 1545 na kuopolewa mwaka wa 1982. Nilisoma habari zake usiku mmoja umeme ulipokatika na simu yangu ikabaki na chaji ya kutosha kunipotosha. Ndani ya meli hiyo zilipatikana pinde ndefu zaidi ya 130 zikiwa nzima, nyingi zikiwa zimezidi kimo cha mtu mrefu, na waliozichunguza wakakadiria kwamba kuzivuta kulihitaji nguvu ya kati ya ratili 100 na 185. Tangu usiku huo sikuwa na raha. Mwaka wa 1505, miaka arubaini kabla meli ile haijazama, Wareno wakiongozwa na Francisco de Almeida waliuvamia mji wetu huu, na watu wa Mombasa wakawapokea kwa mishale na kwa mawe yaliyorushwa kutoka juu ya nyumba. Lakini pinde za wazee wetu hazikuwa na bahati ya kuzama katika matope mazuri, na hivyo hakuna aliyepata kuzihesabu. Mzee mmoja aliyekaa miaka mingi bara ya Kilifi alinikumbusha pia kwamba sikuwa na haja ya kwenda mbali hivyo, kwa sababu Waata, waliokuwa wakiwinda ndovu katika nyika za Tsavo kwa mishale ya sumu, walikuwa na pinde ambazo mvuto wake ulipita ratili 100. Alikuwa na haki kabisa, nami nilipaswa kumsikiliza, lakini mtu aliyekwisha kusema “Kiingereza” mbele ya watu saba hawezi kurudi nyuma.

Pinde za Mary Rose zilichongwa kwa mti ambao wataalamu wa mimea huuita Taxus baccata. Mbao yake ya ndani huvumilia kubanwa na ya nje huvumilia kunyooshwa, kana kwamba uliumbwa kwa kazi hiyo. Huo sikuwa na njia ya kuupata. Baada yake inakuja miti ya wanyonge, na mmoja wao ni ashi, Fraxinus excelsior, mti mweupe wa Ulaya unaotumika sana kwa mipini ya mashoka na kwa makasia. Hapa pana tatizo la lugha ambalo lilinipata nyumbani kabla ya matatizo mengine yote: ukiupa mti huu kiambishi cha miti, kama tunavyosema mwembe na mwarobaini, unapata mwashi, na mwashi kwetu ni fundi wa kujenga kwa mawe. Nilipomwambia mke wangu kwamba ninatafuta mwashi mkavu, mnyoofu, asiye na vifundo, wa futi sita na inchi nne, aliniuliza kama ninamtaka wa kujenga au wa kuoza.

Nilimpata Shimanzi, kwa muuzaji wa vyombo vikuukuu vya meli, akiwa katika umbo la kasia la mashua ya kuokolea watu. Siku hizi mashua hizo zina injini, na makasia ya zamani yanauzwa kwa bei ya kuni kwa yeyote anayejua anachokitazama. Nilikwangua mwisho wa kasia kwa ukucha nikaziona pete: kila mwaka mti wa ashi huanza msimu wake kwa kujenga safu ya vitundu vinavyoonekana kwa macho, kisha katika majira ya joto hujenga mbao ngumu iliyoshikana, hata ukiutazama ulipokatwa unadhani mtu ameuchora kwa kalamu. Pete za kasia langu zilikuwa pana, na katika ashi pete pana ni dalili njema, kwa sababu safu ya vitundu haiongezeki sana na kinachoongezeka ni ile sehemu ngumu. Nililipa haraka kabla muuzaji hajaiona furaha usoni mwangu.

Kasia lilikuwa na futi 14, na tuktuk haina futi 14. Tuliliingiza kwa ubavuni mwa dereva, likapita juu ya bega langu, likatokea nyuma kama mkia, naye dereva akaendesha mpaka Kibokoni akiwa amekiinamisha kichwa kama mtu aliye katika rukuu, huku kila tunapokata kona watu wa miguu wakiruka.

Fundi seremala wa mtaa wetu, mtu aliyekuwa akichonga milango kabla sijazaliwa, aliligeuza kasia mara tatu bila kusema neno. Kisha alichukua kigae cha chupa, akakwangua sehemu moja, karibu shibiri moja juu ya mahali ambapo kishiko kingekuwa, akailowesha kwa mate ya kidole ili mistari ijitokeze.

“Bwana karani,” akasema, “hapa nyuzi zinatoka nje.”

Nilitazama. Mistari ya mbao, iliyokuwa ikitembea sambamba kutoka mwanzo wa kasia, ilifika pale ikapinda kwa upole na kuishia ukingoni, kama barabara inayoingia baharini. Hiyo ndiyo hasara ya mbao iliyopasuliwa kwa msumeno. Wachongaji wa pinde hulipasua gogo kwa kabari, ili mti ufuate nyuzi zake wenyewe, na mgongo wa upinde huachiwa pete moja nzima tangu ncha hadi ncha bila kukatwa. Kwani mgongo ndio unaonyooshwa, na uzi wa mti uliokatika mgongoni ni mlango wa kuvunjikia. Yote haya nilikuwa nimeyasoma. Nilimjibu Fundi kwamba ni kidogo tu. Hakubisha. Alilikata kasia kwa kipimo nilichompa, akalibakisha bapa lake dukani kwake, ambako hata leo linazuia mlango usijifunge.

Kisha ikaja habari ya unyevu. Upinde wa ashi unataka mbao yenye unyevu wa takriban asilimia 9 au 10, lakini mbao iliyoachwa wazi katika hewa yetu ya pwani hutulia karibu na asilimia 14 au 15, na ashi yenye majimaji hayo hukubali kupinda kwa moyo mmoja na hukataa kurudi. Wazee wa barazani hawakulielewa jambo hili. Walinitajia “samaki mkunje angali mbichi”, na nilipowaambia kwamba mti wangu ni samaki wa kukunjwa akiwa ng'onda, walitazamana. Basi nikaufanya ule mti kuwa mwari. Mchana ulikaa darini chini ya mabati, ambako joto huikausha hewa. Magharibi niliushusha, nikaufunga ndani ya karatasi ya nailoni, nikaulaza kitandani ubavuni mwa ukuta ili unyevu wa usiku usiuone. Mke wangu alivumilia wiki mbili bila kusema kitu, akasema katika wiki ya tatu kwamba hata bibi arusi hafichwi hivi. Kila asubuhi kabla ya kazi niliupeleka kwa muuza viungo aliye na mizani ya gramu, akaupima baina ya iliki na mdalasini, nami nikaandika. Siku ya kumi na tisa uzito ulikoma kushuka.

Kuhusu kuuchoma nitasema machache, kwa kuwa majirani walikwisha kusema mengi. Ashi huvumilia sana kunyooshwa, lakini tumbo lake, yaani upande unaomtazama mpigaji, ni dhaifu linapobanwa, likaweka mikunjo na upinde ukabaki umeinama kama mtu aliyeondokewa. Dawa yake ni kulifanya tumbo liwe bapa badala ya mviringo, kisha kulibanika kwa moto wa makaa polepole mpaka ligeuke rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, ndipo mbao iwe ngumu zaidi. Nilibanika kwa saa tatu kwa kutumia majiko mawili. Watu wawili walibisha hodi kuulizia mishikaki.

Baada ya hapo uliachwa siku kadhaa urudishe unyevu wake mdogo, nikaanza kazi yenyewe, ile ya kuufunza upinde kupinda. Hii ndiyo kazi yote. Yaliyotangulia ni useremala. Unauvuta kidogo, unautazama kutoka mbali, na pale mkono mmoja wa upinde, yaani nusu yake moja, unapokuwa mgumu kuliko mwenziwe unakwangua tumbo kwa kigae cha chupa, mikwaruzo mitano au sita, ikitoka nyuzi nyembamba nyeupe zinazojikunja kama nazi ya kukunwa. Halafu unauvuta polepole mara thelathini kabla hujakwangua tena, kwa sababu mbao haisemi papo hapo kwamba imepunguzwa. Ugwe niliusokota kwa uzi wa poliesta wa kushonea matanga, baada ya nailoni ya wavuvi kunyumbuka kama ubani. Kanuni ni mbili. Usiuvute kupita uzito unaoutaka, hata mara moja. Na usiuache umevutwa: unafika, unatazama, unaulegeza. Wenye kazi hiyo husema kwamba upinde uliovutwa hadi mwisho umekwisha kuvunjika sehemu tisa katika kumi.

Tatizo langu lilikuwa mizani. Ile ya kuning'iniza niliyoazimwa na mwenye bucha iliishia kilo 25. Ndipo nikapata wazo ambalo mpaka leo naliona zuri, na nitaligombania. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nilipigilia kitako cha mbao juu ya boriti inayotokeza ukutani uani, nikaulaza upinde hapo tumbo likitazama chini, na katikati ya ugwe nikatundika pipa la plastiki la buluu, la lita 60, lisilo na kifuniko, lenye uzito wa kilo 3 likiwa tupu pamoja na kamba na kulabu yake. Ukutani nilichora alama za inchi kwa chaki. Kila kopo moja la kuogea, la lita moja, nililolimimina pipani lilikuwa ratili mbili na kidogo, na ugwe ulishuka kwa karibu nusu inchi. Daftari langu la siku hizo linasomeka kama la muuza maji: “Inchi 20, makopo 29. Mkono wa kushoto bado mkaidi.” Makopo 47 pamoja na kilo 3 za pipa yangekuwa kilo 50, yaani ratili 110. Maji yalikuwa ya kisima yenye chumvi kidogo, lakini chumvi hiyo sikuitia hesabuni.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Machi, mwezi ambao Mombasa hutoa jasho hata kuta. Mabomba yalikuwa makavu tangu Alhamisi, na tangi la juu lilikuwa likitoa sauti ya upepo. Mama mkwe alikuwa amevuka feri kutoka Likoni kuja kuwaona wajukuu, akala, akajinyoosha kidogo chumbani. Mimi niliporudi msikitini baada ya alasiri niliingia uani peke yangu, nikaanza kumimina. Kopo la arubaini na tano, ugwe ukafika inchi 27. La arubaini na sita. La arubaini na saba nililimimina kwa uangalifu kama mtu anayepima dawa ya mtoto, na ugwe ukashuka, ukatulia juu ya ule mstari wa chaki wa inchi 28 kana kwamba umechorwa pamoja nao. Mikono yote miwili ilikuwa imepinda sawasawa, kama mwezi wa siku ya nne. Chini yake pipa lilining'inia, futi moja kutoka sakafuni, maji yakitetemeka kidogo.

Mtu mwenye akili angelipunguza pipa hapo hapo. Mimi nilitaka mashahidi.

Kutoka uani hadi barazani ni hatua kumi na mbili, na kwa hesabu yangu upinde ungekaa umevutwa kwa nusu dakika. Sikuwatia wazee hesabuni. Wa kwanza alisema atakuja akimaliza kahawa, na muuza kahawa, kwa wema wake, akamwongezea. Wa pili alitaka kujua kwanza kama nimeuvuta mimi au limeuvuta pipa, kwa kuwa kiapo kilikuwa juu yangu na si juu ya pipa, na swali hilo lilikuwa na maana kiasi kwamba lilifunguliwa kwa wote. Wa tatu alikuwa akikitafuta kiatu chake cha kushoto.

Wakati huo mama mkwe aliamka, akakumbuka kwamba hajaswali, akatoka uani kutafuta maji ya udhu. Kuanzia hapa sikuwepo; ninasimulia kama alivyosimulia yeye, nikiondoa pembe na mkia.

Alikuta pipa limetundikwa. Hakushangaa, alidhani ni ufundi mpya wa kuyaweka maji mbali na watoto na paka, na kwa dakika ile, anakiri mwenyewe, alinisifu moyoni. Akachukua kopo langu, akachota lita moja, akaimimina katika birika. Akachota ya pili. Akaamua kwamba ajaze na ndoo ya chooni maadamu maji yapo, akachota ya tatu, ya nne, ya tano, akimimina na kurudi. Alipofika ya saba au ya nane alitambua kwamba ukingo wa pipa, ambao mwanzo ulikuwa kiunoni mwake, sasa ulikuwa juu ya tumbo. Akarudi nyuma akalitazama. Pipa likatulia. Akachota tena, na safari hii akilitazama kwa jicho la pembeni, akaliona kwa yakini: alipotoa kopo, pipa lilipanda. Alichota jingine kwa ghafla, kama mtu anayemvizia kuku. Likapanda tena.

Kwa sheria za upinde jambo hilo ni sahihi kabisa, na nusu inchi kwa kila lita ni kielelezo kizuri cha jinsi mikono ya upinde inavyofanya kazi. Kwa mama yangu mkwe lilikuwa pipa linalomnyima maji. Na yeye si mtu wa kukimbia. Alisema bismillahi kwa sauti, akaweka kopo kwenye mkono wa kushoto, akaukamata ukingo wa pipa kwa mikono yote miwili, akalilalia kifua ili lishuke.

Uzito wa mama mkwe hauandikwi. Nitasema tu kwamba kanuni yangu ya kwanza ilivunjwa, na ilivunjwa kwa mbali. Pipa lilishuka mpaka chini. Ugwe ukapita inchi 28, ukapita 30, ukapita mwisho wa alama zangu za chaki. Anasema alisikia kitu juu ya kichwa chake kikisema “tik”, kisha kikasema “tik, tik”, naye akakijibu kwa Ayatul Kursiyy.

Sisi tulikuwa ndio kwanza tumeinuka. Wazee wawili walikuwa wamesimama na wa tatu amepata kiatu, uliposikika mlio kama wa bunduki ya arusi, na kipande cha mti cheupe, chenye urefu wa mkono wa mtu, kikapita juu ya ukuta wa ua wetu, kikazunguka hewani mara mbili kwa madaha, kikaanguka mbele ya baraza, katikati ya sinia ya kashata.

Wazee walikitazama. Mwenye swali la kiapo alikiokota, akakipapasa pale kilipokatikia, akaketi tena.

“Basi,” akasema, “tumeuona.”

Mimi nilikwisha kukimbia ndani. Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, buibui limemganda mwilini, pipa limelala ubavuni mwake likimalizia kutapika, na juu ya kichwa chake mkono mmoja wa upinde ukiwa bado umening'inia kwa ugwe, unayumba. Hakuumia, namshukuru Mungu. Kopo halikumtoka mkononi.

“Mwanangu,” akaniambia kwa sauti ya upole sana, “nyumba hii mliisomea lini mara ya mwisho?”

“Mama, niwie radhi. Hilo si jini. Ni upinde.”

“Upinde wa nani?”

“Wa Kiingereza, mama.”

“Kumbe la Kizungu,” akasema, akanipa mkono nimwinue.

Nilimwinua. Niseme kwa ukweli wa karani kwamba hicho ndicho kitu kizito kuliko vyote nilichokiinua mwaka ule, na kwamba bega langu la kulia lilinikumbusha kwa wiki mbili. Mke wangu alitelemka ngazi, akamtazama mama yake, akautazama uani wote, akaniletea tambara. Husemwa kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Yanazoleka, kwa tambara, ndoo na magoti, na kwa kuwa mabomba yalikuwa makavu nilitakiwa niyazoe yakiwa safi.

Fundi alikuja usiku ule ule kwa ajili ya uchunguzi wa maiti. Aliunganisha vipande viwili chini ya taa, akapitisha ukucha juu ya mgongo, akasimama karibu shibiri moja kutoka kishikoni. Mpasuko ulianzia palepale nyuzi zilipotoka nje, ukapanda kwa mshazari kama ulivyotabiriwa. Hakuniambia kwamba aliniambia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Kwa hiyo msimamo wangu rasmi, ambao nimeutoa mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji zangu na mbele ya kila aliyeuliza, ni kwamba upinde uliuawa na nyuzi, na kwamba mtu mwingine yeyote aliyekuwa uani wakati huo hahusiki. Kwa faragha ninajua kwamba kasia lile lilikuwa limebeba ratili 110 bila kulia hata kidogo, na nina daftari la kuthibitisha.

Ijumaa iliyofuata nyumba ilisomewa. Gharama za halua na kahawa zilikuwa juu yangu, na walioalikwa kusoma walikuwa ni wazee walewale wa baraza, ambao walikuja wote, mapema, kila mmoja na viatu vyake vyote viwili.

Ule mkono uliobaki mzima Fundi aliuomba. Alipunguza tumbo lililobanikwa, akaulainisha kwa msasa, akautia mpira chini na kichwa cha mpingo juu, akampelekea mama mkwe Likoni kama bakora. Ashi hutoa bakora nzuri sana. Ni nyepesi, haichoshi mkono, na hurudi ikipindwa. Anaipenda. Akija kwetu huingia nayo mpaka uani, na kabla hajachota maji huligonga pipa la buluu mara moja, akalisikiliza, ndipo huingiza kopo.